Boha Tatu Bora za Usambara

Jumatatu, 2 Juni

Baridi. Ukungu umeingia mpaka ndani ya soksi. Na mimi nimeshtuka tangu asubuhi, sijatulia mpaka sasa.

Nilikuwa stendi ya Lushoto, mahali pangu pa siku zote, nikisubiri wageni. Mimi ni mwongoza watalii. Kitambulisho sina, lakini milima naijua. Wakashuka wageni wawili kutoka Dodoma, mume na mke, watu wa heshima zao. Nikawamwagia mpango mzima: msitu, vinyonga wenye pembe, maporomoko ya Soni. Mume akaniuliza, kwa upole kabisa, wapi watapata pombe nzuri ya kienyeji iliyopikwa kwa mkono, na ni kilabu gani mimi mwenyewe ningewapendekezea.

Nikanyamaza! Mimi! Mika wa Mlalo, mtu wa maneno! Nilinyamaza kwa sababu nyuma ya yule mke alisimama mama mmoja wa kwaya ya kanisani kwetu, anachagua karoti. Kabla sijameza mate, Nikodemo akajitokeza. Nikodemo ni mwongoza watalii mwenzangu, mwenye buti za kupandia milima na kitambulisho cha shingoni ambacho nadhani huoga nacho. Akawaambia anawapeleka. Wakaenda naye, wanacheka.

Nieleze kwa nini nilimwogopa mama wa kwaya. Jumamosi ya tarehe 14 mjomba wangu Elisante ananipelekea posa kwa kina Lightness. Lightness ni fundi cherehani hapa mjini, na ndiye mwanamke pekee aliyewahi kusikiliza mzaha wangu mpaka mwisho. Baba yake, Mzee Benjamini, ni mzee wa kanisa, mtu wa kimya. Mama yake ni mwenyekiti wa kwaya ya akina mama, na ana shamba la miwa kule bondeni. Mwanamke wa kutisha. Siku ya Pasaka alinisimamisha mlangoni mwa kanisa akaniuliza kama natumia pombe. Nikaapa kwamba hata harufu yake siijui. Akasema vizuri, maana kitu asichokivumilia nyumbani kwake ni mwongo. Nilitegemea aseme mlevi. Sikufuatilia.

Sasa mpango. Nitapita vilabu vya boha, pombe yetu ya miwa, nichague vitatu bora, niandike mapendekezo kwenye kundi la Facebook la wenyeji wa milimani, kwa jina la siri. Wageni watayafuata mapendekezo. Kisha mimi, kwa bahati tu, nitatokea kuwa mtu anayejua njia ya kufika kwenye vilabu hivyohivyo. Nikodemo atabaki na buti zake. Jina la siri nimeshalipata: Ulimi wa Usambara.

Jioni nimeanza kazi. Kilabu cha Jackline, nyuma ya mikaratusi, hapahapa Lushoto. Benchi, kuta za mbao, moshi mwembamba, viazi vya kuchoma kwenye majivu. Jackline huuza Jumatatu na Jumanne tu, siku nyingine hufunga. Uvivu, nadhani. Akanipa kopo. Nikanusa kwa utaalamu. Nikaonja. Loo! Ni maji ya miwa yaliyolazwa na matunda makavu ya mwegea, jambo ambalo kila mtu wa milimani analijua, lakini hii! Tamu, changa, ina povu dogo linalochekacheka puani. Nikaandika hapohapo: “Boha ya Jackline hushuka kooni laini kama blanketi jipya kwenye baridi ya Juni.”

Sentensi nzuri haitupwi. Nikamtumia na Lightness, nimebadilisha kidogo tu: sauti yake ni laini kama blanketi jipya kwenye baridi ya Juni. Akanirudishia kopa mbili.

Jumatano, 4 Juni

Soni.

Kilabu cha Alen kiko nyuma ya soko la mboga, katikati ya magunia ya kabichi. Alen huuza Jumatano na Alhamisi tu. Mwingine mvivu. Lakini boha yake ni habari nyingine kabisa! Kavu, kali, imesimama wima kwenye kopo. Kopo la kwanza nililinywa nikiwa mtafiti. La pili nililinywa nikiwa rafiki wa kila mtu. Nikaandika: “Hapa si mahali pa watoto. Agiza na mahindi ya kuchoma, kaa karibu na ukuta, na usisimame ghafla.”

Nikasimama ghafla. Sababu: mlangoni alikuwa anaingia Mzee Benjamini, baba yake Lightness! Mzee wa kanisa! Kwenye kilabu! Nikajitupa nyuma ya magunia ya kabichi, nikajikunja, nikaacha kupumua. Akapita karibu yangu kabisa, naona viatu vyake. Ningekaa kimya nilikuwa salama. Lakini mama yangu alinilea vibaya, yaani alinilea vizuri mno. Mtu mzima akipita mbele yangu, mdomo wangu hauniombi ruhusa.

“Shikamoo, baba,” nikasema, kutoka kwenye kabichi.

Viatu vikasimama.

“Marahaba,” akajibu, na viatu vikaendelea.

Hakuinama kutazama. Nilipochungulia nilimwona anatoka na madumu mawili ya njano, moja kila mkono, mwendo wa haraka. Madumu mawili! Mtu mmoja! Nimepigwa na butwaa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Baba mkwe wangu mtarajiwa ni mlevi wa kubeba kwa madumu, na mke wake, maskini, hajui. Nimeamua kuitunza siri hii kwa moyo wa kiutu. Wakinikataa Jumamosi ile, nitaitumia.

Ijumaa, 6 Juni

Mombo. Joto! Umeshuka mlima umevaa sweta, unafika umevaa adhabu. Nilipata lifti ya lori la kabichi mpaka barabara kuu, nikaingia kilabu cha Mama Heri, pembeni ya maegesho ya malori. Yeye huuza Ijumaa na Jumamosi. Nimeanza kuamini kwamba wafanyabiashara wa Usambara wana ugonjwa.

Mahali pazuri, sikatai. Kivuli cha makuti, upepo wa mabasi yanayopita kwenda Moshi, mbuzi wa kuchoma anayetoa mafuta mpaka kwenye kiwiko. Madereva na watu wa mashamba ya mkonge wamejaa, wanakunywa kwa furaha. Nikaagiza kopo. Nikanywa. Nikashtuka mpaka masikio yakasogea! Chachu! Siki! Macho yalijifumba yenyewe. Jirani yangu, dereva wa lori, akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza. Nikamwambia kwa heshima kwamba mimi ni mtaalamu. Akaliomba kopo langu, akalimaliza huku anatafuna mbuzi, akalamba mdomo. Watu wengine hawana ulimi.

Nimeyatoa mapendekezo leoleo, nikiwa njiani kurudi. Nafasi ya kwanza, Jackline wa Lushoto, na blanketi lake. Ya pili, Alen wa Soni. Ya tatu nimeandika hivi, na naona fahari: “Kwa Mama Heri, Mombo. Naitaja ili msipotee. Benchi ni nzuri, mbuzi ni mzuri, upepo ni mzuri. Boha ni siki. Aliyeipika hana mkono wala huruma, na nashauri asiaminiwe hata kuchemsha maji ya kuoga.”

Kabla sijafika Soni, watu wengi walikuwa wameshacheka. Nina kipaji. Inatisha kidogo.

Jumapili, 8 Juni

Siku ya kutisha. Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Baada ya ibada nilitoka nje nikitabasamu kwa utakatifu. Akina mama wa kwaya walikuwa wamekusanyika chini ya ngazi, vichwa vimegusana, katikati yao simu. Nikadhani wanatazama picha za harusi. Kumbe! Mama Lightness alikuwa anasoma kwa sauti, polepole, kama anasoma matangazo ya ndoa. Anasoma Ulimi wa Usambara! Anasoma pale pa maji ya kuoga!

Damu ilinikauka. Nilielewa mara moja: mama mcha Mungu amekasirika kwa sababu pombe inasifiwa hadharani. Alipomaliza, alizima simu akaiweka kwenye mkoba wake mweusi.

“Huyu mtu namtaka,” akasema.

Hakuna aliyecheka. Lightness alikuwa pembeni, ananitazama mimi badala ya mama yake. Nadhani alikuwa anatafuta faraja. Ndipo nilipofanya kosa, au pengine jambo la busara kubwa, bado sijaamua. Nikasogea mbele, nikalaani kwa sauti. Nikasema mwandishi huyo ni aibu ya milima yetu. Nikasema vijana wa leo. Nikasema, na hapa sauti yangu yenyewe ilinishtua, kwamba mimi Mika nitamtafuta mtu huyo na kumfikisha mbele yake.

Mama Lightness akasema nimlete Jumamosi, siku ya posa, ili mambo yote yaishe siku moja. Akaongeza kwamba angeshangaa sana kama ningeshindwa kumpata.

Kwa hiyo nina siku chache za kujikamata. Au kumkamata mwingine.

Jumatatu, 9 Juni

Mjomba Elisante amekuja kutoka Mlalo kupanga mambo ya posa. Amenishtua tangu mlangoni. Anasema kwa watu wetu posa isiyo na boha haijasemwa. Lazima dumu moja liwekwe mbele ya wazee wa upande wa bibi harusi, waonje, ndipo maneno yaanze. Nikamkumbusha kuhusu kwaya. Nikamkumbusha kuhusu Mama Lightness. Akasema wazee wa kanisa wana desturi yao: boha ikimiminwa wanatazama dirishani, ikishamiminwa wanageuka. Na akasema boha ni ya mjomba, mimi silazimiki kuijua hata harufu.

Kisha akaanza kunifundisha kazi! Akasema nisubiri mpaka karibu na siku yenyewe ndipo ninunue. Nikacheka moyoni. Anamfundisha nani? Mimi ndiye Ulimi! Namba moja ni Jackline, na Jackline huuza Jumatatu na Jumanne tu. Nikaenda leo.

Msongamano wa ajabu kwa Jackline. Benchi zimejaa, watu wamesimama kwenye ukungu na makopo, wengine wanasema neno “blanketi” bila kujua limetoka wapi. Nusura nitoe machozi. Nikajaziwa dumu, nikalibeba mpaka nyumbani, nikalifunga kifuniko kwa nguvu zangu zote ili utamu usitoke, nikalisukuma chini ya kitanda. Jumamosi litakuwa tamu vilevile. Kitu kizuri ni kizuri.

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa kumkamata mtu mwingine umefaulu kupita kiasi, na nimekasirika sana.

Nilimfuata Nikodemo stendi. Nikamnunulia chai na andazi. Nikamwambia, kwa siri, kwamba watu wanamtafuta Ulimi wa Usambara, kwamba wageni wanamsifu, kwamba maneno kama yale hayawezi kuandikwa na mtu wa kawaida isipokuwa mwongoza watalii mwenye kitambulisho. Nilitaka ashukiwe tu. Sikutaka zaidi ya hapo.

Nikodemo akatafuna andazi, akatazama mbali kuelekea miamba ya Irente, akasema ni kweli, watu wameanza kumgundua.

Sikuamini masikio yangu! Mwizi! Kufikia saa ya chakula stendi nzima inamwita Bwana Ulimi. Kuna mgeni kapiga naye picha. Akina mama wa karoti wanamwomba aseme lile la blanketi, naye analisema, tena analikosea! Anasema shuka!

Nijitulize. Ndicho nilichokitaka. Jumamosi Mama Lightness atamkuta Nikodemo, atamshushia hasira zake zote, nami nitachukua mke. Nimemwalika rasmi, nimemwambia kuna familia inataka kumpa heshima. Amesema atapiga buti rangi.

Shuka!

Alhamisi, 12 Juni

Dumu limelipuka.

Nilikuwa nimekaa kitandani nakunywa uji. Kwanza nikasikia sauti ya kufyonza. Kisha mlio! Kifuniko kimetoka chini ya kitanda, kimegonga ukuta, kimerudi, kimetua kwenye uji. Nimeruka mpaka mlangoni nikiwa nimeshika kijiko. Boha imemwagika sakafuni inatoa povu, na chumba kinanuka kama Mombo.

Bi Hadija, mwenye nyumba wangu, alikuja kugonga. Mama wa Kiislamu, mtaratibu, haulizi mara mbili. Nikamwambia ni mbolea ya karoti. Akasimama kidogo akisikiliza, akasema mbolea yangu inaongea. Akaniomba niitoe nje kabla haijaanza kuimba.

Nimeliweka dumu uani chini ya turubai. Limepungua, nikaongeza sukari na maji ya moto kulirudishia utamu. Nimeonja kidogo. Nadhani ulimi wangu umechoka kwa kazi nyingi.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike kabla sijazimia.

Tulifika kwa kina Lightness mimi na mjomba Elisante, suti mbili na dumu moja. Sebule imejaa. Mzee Benjamini kwenye kiti cha mkono, anashika kiuno kama kinamuuma. Kaka yake mkubwa pembeni yake, mzee wa kofia ya sufu. Mama Lightness kwenye mkeka mpya, gauni la kwaya. Nikodemo kwenye kona, buti zinang’aa mpaka unajiona. Tukatoa shikamoo kwa kila anayestahili, moja moja, na tulipofika kwa Mzee Benjamini aliniambia marahaba kwa sauti ileile ya siku ya kabichi. Nikatazama chini.

Mjomba akaanza maneno. Ua tumeliona, tunaomba kulichuma, na kadhalika. Dumu likafunguliwa. Wazee wa kanisa wakageukia dirisha, kama alivyosema. Mzee wa kofia akapewa kopo la kwanza.

Akanywa. Uso wake wote ukakusanyika katikati. Akalishusha kopo taratibu, akaniuliza kwa Kishambaa kama nimekuja kuoa au kulipa kisasi. Mjomba akaonja, akanigeukia polepole. Namba moja! Ya Jackline! Sikuelewa kabisa.

Mama Lightness akaomba kopo. Hakunywa. Alilisogeza puani mara moja tu, akaliweka chini, akalifunika kwa kisahani. Kisha akamgeukia Nikodemo, akatabasamu. Sikujua kama anaweza kutabasamu.

Akasema amesikia kwamba mgeni wao huyu ndiye Ulimi wa Usambara. Nikodemo akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa bandia. Nikasubiri radi. Lakini mama akaendelea kwa upole. Akasema sehemu ya Jackline imeandikwa vizuri kuliko kitu chochote alichosoma mwaka huu. Akasema kuna mtu kule kabarikiwa. Akasema yule aliyefikiria blanketi hastahili kuishi stendi, anastahili kupewa meza na kiti. Nikodemo akashukuru. Akasema lile la shuka lilimjia tu alipokuwa anatembea.

Sikujua nimesimama. Niliona tu kwamba wote wananitazama kutoka chini.

“Ni blanketi!” nikasema. “Na niliandika mimi!”

Hata jogoo wa nje alikoma.

“Kaa, mwanangu,” Mama Lightness akasema. “Hilo tulilijua tangu Jumapili. Tulitaka uliseme mwenyewe.”

Akageukia mlango wa jikoni. Lightness akatoka na simu mkononi. Akasoma ujumbe wangu wa tarehe mbili, ule wa sauti yake na blanketi. Kisha akasoma boha ya Jackline na blanketi. Hakupaza sauti. Akaniuliza kitu kimoja tu, mbele ya wazee: kipi kilitangulia, yeye au boha?

Ningeweza kudanganya. Nilifungua mdomo nidanganye. Lakini mama yake alikuwa ananitazama, na nikakumbuka lile la Pasaka, kitu asichokivumilia. Nikasema boha. Lightness akaitikia kwa kichwa, akarudi jikoni. Hilo liliniuma kuliko yote yaliyofuata, na yaliyofuata yalikuwa mengi.

Mama Lightness akanyanyua lile kopo lililofunikwa, akaliweka mbele yangu.

“Hii ni ya Jumatatu,” akasema. “Ilifungwa kifuniko, ikatiwa na sukari. Ni yangu. Nimeilaza kwa mkono wangu, kwa mwegea wa bibi yangu, halafu wewe ukaiua.”

Nikauliza kwa sauti ndogo, ni yake kwa maana gani. Akanieleza kama anavyomweleza mtoto wa kwaya asiyeelewa noti. Ile miwa ya bondeni si ya kutafuna. Pipa ni moja. Jumatatu boha ikiwa changa inakwenda kwa Jackline, kwa watu wa baridi wanaopenda tamu. Jumatano imekomaa, Mzee Benjamini anaipeleka Soni kwa Alen na kuchukua madumu matupu. Ijumaa imechacha, inafika Mombo kwa Mama Heri, na watu wa joto na mbuzi wa mafuta wanaitaka hivyohivyo, ikiwa tamu wanairudisha. Inashuka mlima na barabara, wiki hadi wiki, tangu Lightness hajazaliwa. Ndiyo maana kila mmoja ana siku zake. Mama Heri wiki hii ameogopa kupokea mzigo kwa sababu wateja wanamcheka, wanamuuliza maji ya kuoga yako wapi.

Pombe moja! Nimeipa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu! Nilitamani ardhi ipasuke. Nimezaliwa milimani hapa, nimeambiwa tangu utotoni kwamba boha ya leo si boha ya keshokutwa, na bado!

Nikamuuliza, maana mshtuko ulikuwa umeshanitoa adabu, na kwaya je?

“Mimi sinywi,” akasema. “Napika.”

Mzee Benjamini akatazama dirishani.

Hukumu ikatoka. Posa haijakataliwa, haijakubaliwa. Mama Lightness amesema ameilaza, ikichemka tutajua. Kwa sasa kiuno cha mzee kinauma, kwa hiyo mimi nitabeba madumu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na nitaanza kwa kumwomba radhi Mama Heri mbele ya madereva. Lightness alituma jibu lake kupitia mjomba, mlangoni: atanisubiri, ila anataka sentensi moja, yake peke yake, ambayo haijapita kwenye kopo la mtu.

Nikodemo alitoka kabla ya chakula. Buti zake zilisikika mpaka barabarani.

Jumatatu, 23 Juni

Mabega yameisha. Wiki nzima nimeshuka mlima na madumu. Nimemwomba radhi Mama Heri, madereva wamenipigia makofi, yule aliyemaliza kopo langu ameniita mtaalamu mpaka nimekoma. Jumatano nilionja kwa Alen, Ijumaa kwa Mama Heri na mbuzi wa mafuta, na nakiri: kwenye joto lile, ile chachu inakata mafuta, unarudi kuomba nyingine. Nimefuta mapendekezo yote. Ulimi wa Usambara amekufa. Mimi ni mtu mpya.

Na sentensi nimeipata! Ilinijia leo alfajiri njiani kwa Jackline, madumu mikononi, ukungu umetanda bondeni. Lightness alipita na cherehani yake kichwani, akanicheka jinsi ninavyotembea. Nikasimama, nikaandika, nikamtumia papo hapo: “Ukicheka, ukungu unasahau ulikokuwa unakwenda.” Yake peke yake. Haijapita kwenye kopo la mtu.

Akajibu kwamba ataongea na mama yake. Na kopa moja, kubwa, ile inayodunda. Nimekaa chini barabarani nikalia kidogo. Mama Lightness mwenyewe mchana amenijazia sahani ya makande bila kuniuliza kitu. Posa inachemka!

Sasa, jambo dogo. Leo stendi kuna wageni waliouliza wapi watasikia kwaya nzuri ya kienyeji Jumapili. Nikodemo hakujua. Mimi najua! Kwaya ni jambo takatifu, hakuna mtu anayeweza kukasirika. Nimetoa mapendekezo jioni hii: Kwaya Tatu Bora za Usambara. Ya kwanza ni ya Mlalo. Ya pili ya Soni. Kwaya ya Mama Lightness nimeiweka ya tatu, kwa haki tu, ili mtu asije akadhani nampendelea mama mkwe, nikaongeza kwamba sauti zao za chini zimechacha.

Ya Mlalo ndiyo nimeiandika kwa moyo wote. “Soprano zao zikipanda, ukungu unasahau ulikokuwa unakwenda.” Sentensi nzuri haitupwi.

Safari hii nimetumia jina jingine kabisa. Sikio la Usambara. Hakuna atakayejua.